Wazee wa plau wapewe wanafunzi, na walipwe

Kwa Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu aliandika kwa ukurasa huu ati ng'ombe wa kulima sasa wapelekwe makumbusho, kila wadi huku magharibi ipewe trekta na hayo mambo ya nira na nyororo tuwaachie mababu walioko kaburini. Mimi simjui na sina ubaya na yeye, hata mimi nikipata pesa trekta nitaikodi kesho asubuhi. Lakini kuna kitu amekiruka na ndo kimenifanya nishike simu niandike hii barua, ni ndefu najua, naomba msiikate sana. Trekta haijui kulima. Ng'ombe pia hajui. Anayejua kulima ni mtu, na huyo mtu huku kwetu Bungoma saa hii ana miaka sabini na kitu, magoti yanamuuma, na hakuna anayemuuliza chochote.

Wacha nianze na kazi yenyewe kwa sababu naona wengi wanaodharau plau hawajawahi kuishika. Mtu akiwa kwa matatu akiona wazee wanalima anafikiri ni kushika ile mikono miwili, kupiga mluzi na kutukana ng'ombe. Hebu jaribu. Plau ikiwa haijatengenezwa sawa itakugonga mbavu, ama itapanda juu iparure nyasi tu, ama itazama mpaka ng'ombe wasimame wakuangalie. Kijana ikimfanyia hivyo anaikandamiza kwa nguvu zake zote, ikikataa anachapa ng'ombe. Mzee yeye anasimama, anaangalia nyororo. Nyororo ikiwa fupi inavuta plau kwenda juu, ukiongeza pete kadhaa plau inalala na kuingia chini. Halafu kuna kile chuma cha mbele chenye matundu pale nyororo inaposhikia, ukihamishia tundu la juu plau inazama zaidi, la chini inapanda, na ukisogeza upande huu ama ule ndo unaamua unakata udongo mpana ama mwembamba. Gurudumu dogo la mbele linakuja mwisho kabisa, kazi yake ni kushikilia kina chenye umeshachagua. Wengi siku hizi wanaanza na gurudumu, wanalishusha lote, uzito wote wa plau unalala pale na ng'ombe wanavuta mzigo wa bure mpaka shingo zinachubuka. Aliyenifundisha mimi ni baba mkubwa, na yeye alikuwa anasema plau iliyotengenezwa vizuri unaweza kuiachilia mikono hatua kadhaa na iende yenyewe. Na kweli ilikuwa inaenda, yeye anatembea kando mikono nyuma akiongea na ng'ombe wake habari za bei ya mahindi.

Sasa kuna hili jambo la pa kuanzia, na hapa naomba wasomaji wavumilie kidogo kwa sababu ndo kiini cha maneno yangu. Plau zetu nyingi zinarusha udongo upande mmoja tu, kulia. Ukianzia katikati ya shamba ukawa unazunguka, udongo wa pande zote mbili unakutana pale kati na kuacha tuta. Ukianzia kando kando ukiingia ndani, udongo wote unarushwa nje na pale kati panabaki mfereji. Kwa hivyo wazee walikuwa wanabadilisha, msimu huu katikati, msimu ujao kando, ndo shamba libaki sawa miaka nenda miaka rudi. Hakuna mtu aliandika hii mahali, ilikuwa kwa vichwa vyao, na mzee akifika kwa shamba lako kabla hata ya kufunga ng'ombe atakuuliza mwaka jana mlianzia wapi. Kijana wa kukodi haulizi. Anaanzia kando kila mwaka kwa sababu kuanzia katikati lazima upime, usimamishe vijiti viwili vitatu, uchague kitu mbele ya macho cha kulenga, mti ama pembe ya nyumba, uende moja kwa moja bila kuangalia nyuma. Hiyo inachukua muda na yeye analipwa kwa ekari. Basi baada ya miaka michache katikati ya shamba una mtaro, mvua ya Aprili ikija maji yanaupata huo mtaro yanashangilia, halafu mwenye shamba anaenda kulalamika ofisini kwa bwana shamba ati mbolea haifanyi kazi. Mbolea ilishaondoka na maji zamani.

Kuna pia kujua siku. Huku Kimilili udongo wetu ni mwekundu, una huruma, ukikosea siku mbili tatu bado utakusamehe. Lakini uliza watu wa Kano, huko Ahero na Nyando, ule udongo mweusi. Ukikauka unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia kwa ufa na plau inaruka tu juu. Ukilowa unashika chuma, unashika kwato, unashika gamubuti, kila kitu kinakuwa kizito mara mbili. Katikati ya hizo hali mbili kuna siku chache tu za kulima, na mtu wa kukuambia ni leo ama kesho ni yule mzee anayeinama, anachukua udongo wa chini si wa juu, anaukaza kwa ngumi halafu anauachilia uanguke. Ukivunjika, twende. Ukikaa donge, rudi nyumbani ukanywe chai. Ni kitu cha sekunde kumi lakini nimeona trekta zikiingia kwa shamba lililolowa kwa sababu foleni ya wateja ni ndefu na dereva hataki kurudi tena, matairi yanakandamiza udongo, na msimu mzima mwenye shamba anapigana na madonge yaliyokauka ambayo hata haro haiwezi kuvunja.

Kuhusu ng'ombe wenyewe naweza kujaza gazeti lote. Dume linahasiwa, linaachwa likomae, kwenye miaka mitatu hivi linaanza kufundishwa. Halifungwi na dume lingine jinga, linafungwa nira moja na maksai mzee anayejua kazi, wanatembea tu bila kitu siku kadhaa, halafu wanavuta gogo, halafu gogo kubwa zaidi, plau inakuja baadaye sana. Kila ng'ombe ana jina lake na upande wake, wa kulia anatembea ndani ya laini iliyolimwa na wa kushoto anakanyaga nyasi, na hawabadilishwi. Mwenye urefu kidogo ndo anawekwa kulia kwa sababu anatembea chini, nira ikae sawa. Nira yenyewe inachongwa na kulainishwa pale inapokaa mbele ya nundu, mzee anapitisha kiganja pale kila asubuhi akitafuta kitu cha kuchoma. Kazi inaanza alfajiri, jua likishapanda saa nne saa tano hivi ng'ombe wanafunguliwa, hata kama imebaki laini mbili umalize. Kijana atakuambia si tumalizie tu. Kesho yake ng'ombe amelala hataki kusimama.

Na shida kubwa iko hapa. Familia ikiuza jozi yake yote kwa sababu ya karo ya sekondari ama hospitali, haijauza tu ng'ombe wawili. Imeuza mwalimu wa wale madume waliobaki zizini, hao hawatafundishwa tena na mtu yeyote, wataishia kwa bucha. Nimeona boma kadhaa plau imeegemezwa ukutani inaota kutu, si kwamba watu wamepata trekta, ni kwamba hakuna ng'ombe anayejua na hakuna mtu wa kumfundisha, kwa hivyo wamerudi kwa jembe la mkono. Yaani badala ya kwenda mbele kama alivyoandika yule mwenzangu, tumerudi nyuma ya mababu.

Trekta nayo ina wazee wake na hawa wamesahaulika hata zaidi. Kuna madereva walioendesha trekta za miwa huko Mumias siku kampuni ya sukari ikiwa kampuni, na wengine walikuwa kwa mashamba ya ADC, lile shirika la kilimo la serikali, huko Trans Nzoia. Hao watu walifundishwa, walikuwa na fomeni wa kuwakagua. Wanajua pembe ya visahani vya plau ya trekta, vile vyuma vya duara vinavyokata udongo, inawekwaje kwa udongo mgumu na kwa udongo mlaini, wanajua plau ikiinamia mbele inafanya nini na ikiinamia nyuma inafanya nini, wanaacha nafasi ya kugeuzia pale mwisho wa shamba halafu wanailima mwishoni kabisa ikiwa safi. Leo ukikodi trekta kijijini mara nyingi unaletewa kijana aliyejifunza kuendesha Desemba, ameweka muziki, ameweka gia ya haraka, visahani vinagusa juu juu. Ukisimama kwa barabara unaona shamba limegeuka jeusi lote, unafurahi, unalipa. Kumbe ameruka. Kati ya laini na laini ameacha kipande hakijaguswa, udongo wa laini ya pili umekifunika tu. Utajua wakati wa palizi nyasi zikichomoza kwa mistari iliyonyooka kuliko mahindi yako.

Dawa ya hiyo ni fimbo. Mzee mmoja dereva mstaafu ndo alinionyesha, unachukua fimbo kavu ya ukubwa wa kidole, unatembea kukata shamba, si kufuata laini, unachoma kila hatua. Ikiingia sawa sawa kila mahali umelimiwa. Ikiingia hapa, ikigonga pale, ikiingia hapa, mwambie dereva asizime injini arudi. Fanya hivyo kabla ya kutoa pesa, sio baada. Na huyo huyo mzee aliniambia kina kisiwe kile kile kila mwaka, kwa sababu chuma kikipita kina kimoja misimu mingi pale chini panakazwa panakuwa sakafu, mizizi ya mahindi ikifika inapinda kwenda kando na maji ya mvua yanasimama juu. Wataalamu wa udongo wanasema hivyo hivyo. Yeye hakusoma kwao, alichimba mahindi yaliyonyauka akaangalia mizizi.

Siwezi kumaliza kabla ya kutaja mteremko. Sisi wa chini ya Mlima Elgon tunalima mahali penye mwinuko, na trekta ikikata mteremko dereva anaogopa itapinduka kwa hivyo analima kwenda juu na chini, ambayo ni sawa na kuchorea maji barabara. Ng'ombe wanaweza kukata mteremko vizuri tu. Wazee walikuwa wanaacha pia mistari ya nyasi katikati ya shamba hailimwi kabisa, leo vijana wameilima yote ati wapate laini mbili za ziada. Kama kuna mtu anafikiri natia chumvi aende Nyakach aone lile korongo la Katuk Odeyo. Sisemi plau ndo ilichimba lile korongo, kuna miti iliyokatwa, mifugo mingi na mambo mengine, lakini ukisimama pale ukingoni utaelewa udongo ukishaanza kutembea haumsikilizi mtu. Mto Nyando unaubeba mpaka ziwani, Ghuba ya Winam inageuka rangi, na wavuvi wa Kisumu wanalipia kulima kubaya kwa watu wasiowajua.

Jambo lingine dogo. Kuna lile gugu la maua ya zambarau, Wajaluo wanaliita kayongo, linalonyonya mahindi kutoka kwa mizizi. Mbegu zake ni vumbi na zinaweza kukaa kwa udongo zaidi ya miaka 10 zikingoja. Baba mkubwa hakuwa anatoka shamba moja kuingia lingine bila kukwangua plau yake na kijiti mpaka chuma kionekane. Hizi trekta za kukodi zinatoka Busia zinaingia Bungoma zikiwa na udongo wa mashamba kumi, na hakuna anayesema kitu.

Sasa yule mwenzangu alisema haya yote ni mambo ya zamani ya Kiafrika. Si ya zamani sana bana. 1908 Makaburu waliteremka kutoka treni pale Nakuru wakapanda na magari ya ng'ombe mpaka Uasin Gishu, walowezi wengine wakaja, na babu zetu wakaenda kutafuta kazi kwa hayo mashamba ya Eldoret na Kitale. Kwanza walishika kamba mbele ya ng'ombe, baadaye wakashika plau. Hawakupewa kitabu wala cheti, waliiba ujuzi kwa macho wakarudi nao nyumbani, wakanunua plau zao, wakafundisha watoto. Kwa hivyo hii ni elimu yenye ilitafutwa na kulipiwa kwa jasho, na ikapita kwa watu wachache tu kabla ya kutufikia. Inaweza kupotea kwa muda mfupi zaidi ya ule iliyochukua kuja.

Na kabla mtu hajanirukia ati trekta zitatosha, nenda Vihiga. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba kule. Robo ekari, nusu ekari, kuna migomba, kuna makaburi, kuna nyumba ya mtoto wa kwanza, trekta itageuka wapi? Kuna pia wale wataalamu wanaosema tusigeuze udongo kabisa, tupasue laini tu tupande. Sawa, huenda wana haki. Lakini hata hicho chuma cha kupasua laini kinavutwa na ng'ombe waliofundishwa, wakiongozwa na mtu anayeweza kwenda moja kwa moja.

Nisiwapake wazee mafuta bure. Wengine wao ndo wamechangia hii shida. Mzee anakuita umsaidie kulima, siku nzima anakutukana, ukiuliza kwa nini nyororo imeongezwa anakuambia nyinyi watoto wa shule mnajua kuuliza tu. Wengine wanaficha ujuzi ili wabaki wanaitwa wao peke yao. Na wengi walikataa kabisa kufundisha wasichana na wake zao, ati mwanamke hashiki plau, halafu wanaume wakaenda Nairobi, wengine wakafa, na shamba likabaki na nani? Na mwanamke. Kuna mama jirani yangu mjane alijifunza akiwa mtu mzima, watu walisema mengi, leo ndo tunamwita akatulimie na laini zake ukiziangalia utafikiri zimepigwa na rula. Alifundishwa na mzee mmoja tu aliyekuwa na moyo tofauti, na hata huyo mzee alisemwa.

Vijana nao wasilaumiwe kwa kila kitu. Zamani mtoto alianza na kushika kamba mbele, akiwa na miaka minane, tisa, anaona kila siku, akifika kumi na tano anajua bila kujua alifundishwa lini. Tangu 2003 masomo ya msingi yakawa ya bure watoto wako darasani na hapo ndo wanafaa kuwa, mimi sitaki mtoto yeyote atolewe shule aongoze ng'ombe. Lakini kile chuo cha kamba kilifungwa na hatukufungua kingine. Tumewaachia wajifunze YouTube, na YouTube inawaonyesha trekta kubwa za Marekani kwa shamba lisilo na mwisho. Halafu mambo ni ya kuchekesha, likizo ndefu ya shule inaanguka Novemba na Desemba, wakati ule ule huku kwetu watu wanaanza kulima mara ya kwanza kungoja mvua za Machi. Kijana mwenye miaka kumi na saba yuko nyumbani amelala, mzee yuko ng'ambo ya ua anajua kila kitu. Hawaongei.

Ombi langu kwa serikali za kaunti, Bungoma, Kakamega, Busia, Siaya, Kisumu na wengine, ni moja tu. Mnanunua trekta, hongera. Kwa kila trekta ajirini pia wazee wawili watatu wa eneo hilo, mmoja wa ng'ombe na mmoja dereva mstaafu, wapewe wanafunzi kwa vyuo vya ufundi vya vijijini wakati wa msimu, shambani, si darasani. Walipwe. Nasema walipwe kwa sababu tumezoea mzee aitwe kwa mkutano, apewe soda, ashukuriwe kwa hekima yake na arudi nyumbani kwa miguu. Anayefundisha kompyuta analipwa, anayefundisha kushona analipwa. Serikali kuu tayari ina mpango wa kutambua ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, KNQA, ile mamlaka ya kitaifa ya vyeti na ujuzi, wanausimamia, fundi wa juakali anaweza kupimwa na kupewa cheti bila kukaa darasani. Sijaona kwa nini fundi wa plau asipimwe vile vile, tena mtihani wake ni rahisi, mpe kipande cha shamba na fimbo yangu itasema.

Kama kuna mtu anaona aibu na plau, akumbuke mashindano ya dunia ya kulima yamekuja hapa Kenya mara mbili, 1995 na 2017, pale Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, hapo tu karibu na Nakuru. Watu walitoka Ulaya wakapanda ndege kuja kulima kwa udongo wetu, siku moja wanalima penye mabua, siku nyingine penye nyasi, na waamuzi wanakagua kama laini imenyooka, kina ni kimoja, nyasi zimefunikwa zote. Ni vitu vile vile mzee wa Kimilili anakagua akiwa amevaa koti la mvua. Na kule Ireland wana mashindano yao ya kitaifa tangu 1931, mpaka leo wana sehemu ya kulima na farasi na sehemu ya vijana. Hao ni watu wenye trekta za kutosha, hakuna mtu ameambia farasi waende makumbusho. Sisi kwa shoo zetu za Kakamega na Kitale tunapeleka ng'ombe wa maziwa waoshwe na sabuni watembezwe, mbona jozi ya maksai na mwenye kuiongoza wasipewe uwanja wao na zawadi ya maana, plau mpya kwa mfano, si kombe la plastiki?

Maoni ya bajeti ya kaunti yanachukuliwa kabla ya mwaka mpya wa pesa kuanza Julai, chifu hutangaza na mara nyingi tunaenda watu wachache na wote tunaongea habari za barabara tu. Mimi nitaenda na nimeshaongea na wazee wetu wawili waje wasimame wenyewe. Wasomaji wa Webuye, Teso, Mumias, Nyakach na kwingine fanyeni hivyo kwenu. Mkiambiwa hiyo si kazi ya kaunti, fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, kilimo kiko kwa kaunti na politekniki za vijiji pia ziko kwa kaunti, vyote kwa orodha ile ile.

Wenu,
Mkulima wa Kimilili,
Kaunti ya Bungoma